Nilizima mashine mara mbili

Mashine haikuwa yangu. Ilikuwa PlayStation 3 ya mtumba ya binamu yangu, kaka aliyenizidi miaka sita, na masharti yake yalikuwa mawili: usile karibu nayo, na ukiona inakwama izime upesi kabla haijaungua. Usiku ule Batman wangu alikuwa anatembea kwenye korido ya hospitali ya vichaa ya Arkham, taa hafifu, hakuna adui. Ghafla picha ikaanza kuruka. Sauti ikakatika-katika kama redio iliyo mbali na mnara. Kioo kikajaa michirizi, kisha kikawa cheusi.

Niliinuka mkekani kama niliyeumwa na siafu, nikabonyeza kitufe cha kuzimia, nikakaa nikisikiliza mapigo ya moyo wangu. Nikaiacha ipoe. Nikaiwasha. Nikatembea tena ile korido, na picha ikaruka palepale. Nikazima tena, safari hii nikaanza kutunga uongo wa kumwambia mwenye mali.

Mwenye mali alikuwa amesimama mlangoni muda wote, amejifunga taulo, anacheka kimyakimya.

"Dogo," akasema, "hiyo haijaharibika. Hiyo ndiyo gemu yenyewe."

Gemu ilikuwa Batman: Arkham Asylum, iliyotoka 2009, kazi ya studio ya Rocksteady ya London ambayo kabla ya hapo ilikuwa imetoa gemu moja tu. Na aliyenifanya nizime mashine ni Scarecrow, yaani sanamu ile ya kutishia ndege shambani, jina la kazi la Daktari Jonathan Crane. Ukiivumilia ile michirizi bila kugusa kitufe, gemu inajifanya imeanza upya tangu mwanzo kabisa. Unaiona tena ile gari ikikimbia usiku kuelekea Arkham. Ila sasa dereva ni Joker, adui mkubwa wa Batman, na aliyefungwa pingu nyuma ni Batman. Joker anakupiga risasi, inakuja skrini ya kufa, na chini yake yanaandikwa maelekezo: tumia kijiti cha katikati kukwepa risasi. Pedi ya PlayStation ina vijiti viwili, kushoto na kulia. Niliitazama pedi, nakiri, nikakitafuta hicho cha katikati.

Nimelifikiria tukio hili kwa miaka mingi kuliko linavyostahili. Scarecrow yumo kwenye vitabu vya katuni tangu 1941, na tabia yake haijawahi kuwa ngumu kueleza: ni mtu anayetafuta unachokiogopa halafu anakupikia. Kitabuni unasoma kwamba Batman anaogopa. Unamwonea huruma, unafunua ukurasa. Katika gemu hiyohiyo, mauzauza mawili ya mwanzo yanafuata njia hiyo: Batman anaingia mochwari na kukuta mifuko ya maiti, ndani wamo wazazi wake, halafu korido inageuka kichochoro walikouawa, na Batman anakuwa mtoto. Vizuri sana, lakini wazazi ni wake, si wangu. Kwa mara ya tatu watunzi wakakumbuka kwamba chumbani kuna mtu mwingine, ameshika pedi, na yeye haogopi vichochoro vya Gotham, mji wa Batman. Anaogopa mashine kufa. Anaogopa kurudia steji zote. Anamwogopa binamu yake.

Scarecrow alinipata mimi. Batman alikuwa mlango tu.

*

Tulikotoka hakuna aliyeuliza habari za tabia ya jambazi. Kwenye mabanda ya video na ya gemu tulikuwa na watu wa aina mbili tu: steringi na majambazi. Steringi hafi. Jambazi kazi yake ni kucheka vibaya, kuua ndugu wa steringi, na kupigwa mwishoni. Ukichelewa kuingia bandani swali lilikuwa moja, steringi ni nani, na ukishaonyeshwa, waliobaki wote ni majambazi, hata baba wa watu aliyekuwa anapita na baiskeli.

Na kwenye mabanda ya gemu, hizi za Batman hazikuwekwa. Sababu ni ya kibiashara na haina lawama: gemu ya mtu mmoja hailipi. Mpira wanacheza wawili, anayefungwa anapisha, foleni inasonga, hela inaingia. Nani akuache ukae saa nzima peke yako, unanyata kwenye paa? Tuliobahatika kukutana na Joker tulikutana naye majumbani mwa watu, kwa masharti.

Gemu za katuni za zamani nazo ziliwaza kama sisi. Nilicheza ile Spider-Man ya 2000 kwenye PlayStation ya kwanza, na naikumbuka kwa mapenzi, lakini jambazi mle alikuwa umbo la kupigwa. Huyu anaruka, yule ana mikono ya chuma, kariri mtindo wake, mpige anapopumzika. Ungewabadilishia majina, vidole vyangu visingegundua. Binamu anasema hilo linatosha, na kwamba nikitaka tabia nikasome riwaya. Yeye jambazi wake bora ni Bane, kwa sababu ni mkubwa. Tumebishana sana.

*

Hoja yangu kwake ni Mr. Freeze.

Alipoanza kwenye katuni mwaka 1959 hakuitwa hata Freeze. Aliitwa Mr. Zero, mwizi mwenye bunduki ya barafu, basi. Kilichomfanya mtu ni mfululizo wa katuni za televisheni ulioanza 1992, ambako mwandishi Paul Dini alimpa mke, Nora, mgonjwa aliyegandishwa kwenye barafu akisubiri tiba. Tangu hapo Freeze haibi kwa tamaa, anaiba kwa ndoa. Na ni huyohuyo Dini aliyeandika Arkham Asylum na Arkham City, iliyofuata 2011.

Sasa katika Arkham City kuna pambano la Batman na Freeze ndani ya maabara. Anayezijua gemu hizi anajua aibu yetu wachezaji: tukipata ujanja mmoja unaofanya kazi, tunauchosha. Unajificha chini ya sakafu, unachomoka, unapiga, unarudi chini, unarudia hadi adui wote waishe. Nilimpiga Freeze hivyo mara moja. Nikarudi chini, nikangoja apite juu yangu, nikijisifu. Akafika, akagandisha njia ya kutokea. Nikajaribu kumrukia kutoka juu, nikafanikiwa. Nilipotaka kurudia, pale juu pa kuning'inia napo alishapaharibu. Kila pigo ukilitumia limekwisha, hataki kufundishwa mara mbili. Na muda wote hakimbii. Anatembea taratibu na lile vazi lake zito, anakueleza kwa sauti ya mhadhiri ni nini amejifunza kutokana na pigo lako lililopita.

Huo ndio utu wake. Hakuna aliyeniambia kwamba Victor Fries, ndilo jina lake halisi, ni mwanasayansi. Nilishindwa kumpiga kwa sababu ni mwanasayansi. Ilinibidi niorodheshe kichwani kila njia ninayoijua, nizitumie kama mtu anayehesabu nauli ya mwisho mfukoni. Lile pambano ni la kipekee, na sijaona gemu nyingine ya majambazi wa katuni iliyolifikia. Baadaye ukitaka unaweza kuzunguka kumtafutia mke wake. Nilimtafuta. Tulikuwa tumeshaheshimiana.

Killer Croc naye, kwenye Asylum, kwa ufupi: ni mamba-mtu, anaishi kwenye maji machafu, na pale gemu inakuondolea ushujaa wote. Unatembea juu ya mbao zinazoelea kwa mwendo wa bibi harusi, maana ukikimbia anasikia. Akichomoka unamrushia kijembe kwenye kola ya umeme shingoni, anarudi majini, unaendelea na mwendo wa harusi. Wengine wanapachukia pale kwa kuchosha. Mimi nadhani kuchosha ndiko kunakotakiwa. Mnyama anayewinda ana subira kuliko wewe.

*

Kwa Riddler, jambazi wa mafumbo, nina kinyongo binafsi, na wasomaji waliokulia vitendawili watanielewa.

Kitendawili kwetu kina adabu yake. Mtegaji anasema "Kitendawili!", tunajibu "Tega!", anatega. Tukishindwa anadai mji, tunampa Mombasa au Mwanza, anautembelea kwa maneno mawili matatu, halafu anatoa jibu. Tukipata, anacheka nasi, anapokezana na mwingine. Hakuna anayeumia. Raha yenyewe ni kwamba jibu lilikuwa mbele ya macho muda wote.

Riddler, aliyeanza kwenye katuni 1948, ameyachukua yote hayo akaacha adabu. Kwenye Asylum amekutegea mambo 240. Kwenye City ni 400 na zaidi. Kila unapotegua kimoja hafurahi, anazidi kuchafuka. Mwanzo anakudharau kwa madaha. Katikati anaanza kukereka. Ukikaribia kumaliza anapayuka kwamba haiwezekani, wewe ni mwizi, bila shaka majibu unayatafuta kwenye intaneti.

Nilikuwa nayatafuta kwenye intaneti.

Ninavyoona hakuna jambazi aliyesomwa vizuri kuliko huyo. Ugonjwa wake ni kushindwa kuvumilia kwamba kuna mtu mwingine mwenye akili, na gemu ikaugeuza kuwa mzigo wa mchezaji: uchafu wa vikombe vya kijani vilivyofichwa kila kona, ambavyo huvihitaji, lakini huwezi kulala vikiwa vimebaki vitatu. Anakuambukiza. Mimi na Riddler tulikuwa watu wazima wawili tusiokubali kushindwa na vikombe. Mji sikumpa, na hata ningempa asingeupokea.

Halafu wakamharibu. Kwenye Arkham Knight ya 2015 mtu huyu wa mafumbo kanipa mashindano ya magari. Naendesha lile gari la Batman kwenye handaki lenye misumeno na kuta zinazohama, yeye anapiga kelele. Kitendawili kiko wapi hapo? Studio ilikuwa imetengeneza gari, inalipenda, kwa hiyo kila mtu alipaswa kuzungumza kwa lugha ya gari, hata asiyejua kuendesha. Na ili uuone mwisho kamili wa gemu ile lazima umalize mafumbo yake yote 243. Nilifika njiani nikachoka, nikautazama huo mwisho YouTube. Najua angesema nini.

*

Kosa la namna hiyo halikuanza na gari. Linaitwa bosi wa mwisho, na hata Asylum niliyoisifu liliipata, tena kwa Joker mwenyewe.

Gemu nzima ya 2009 Joker yuko kwenye vipaza sauti. Amekiteka kisiwa cha Arkham, na kazi yake kubwa ni kuongea. Anatangaza, anatania, anawaimbia wapambe wake kwamba mwenzao kaanguka, halafu anafurahia wanavyotetemeka, wakati ni watu wake. Sauti ni ya Mark Hamill, aliyemsemea Joker kwenye katuni za televisheni tangu miaka ya tisini. Ukifa anajitokeza kwenye skrini kukusimanga kabla hujaruhusiwa kurudia. Kwa saa kumi na zaidi nimefundishwa kwamba silaha ya mtu huyu ni ulimi. Mwishoni anajichoma dawa iitwayo Titan, anavimba misuli, anatoa kucha, na mimi natakiwa nimpige ngumi.

Misuli ya nini? Mtu mwembamba aliyevaa suti, aliyeanza 1940 na hajawahi kuhitaji kifua. Nilimpiga, nikashinda, nikahisi nimempiga mtu mwingine. Hapa binamu alifurahi sana, kwa sababu Joker alikuwa sasa mkubwa. Nitasema kitu kimoja cha kuwatetea: hata akiwa jitu, katikati ya pambano Joker anageukia helikopta za televisheni juu ya paa ili apigwe picha. Kuna mtu pale studio alikuwa anajua. Alizidiwa tu.

Nadhani walijua wote, maana gemu iliyofuata ni kama kuomba radhi. Arkham City Joker anaumwa. Ile Titan inamla damu. Lakini katikati anatokea akiwa mzima, mweupe, anarukaruka. Ukiwa na mazoea ya kuwasha lile jicho la upelelezi la Batman, ambalo linaonyesha mifupa ya kila mtu, utagundua kwamba huyu mzima hana mifupa. Mimi sikugundua. Ni Clayface, mtu wa udongo, mwigizaji wa zamani anayeweza kuvaa sura yoyote. Kwa hiyo unapofika kwa bosi wa mwisho unapigana na mwigizaji, mwenye mwili wa kupigwa, na Joker wa kweli anabaki na kilicho chake: kikohozi na maneno. Anakufa akicheka, baada ya Batman kumwambia kwamba pamoja na yote aliyoyafanya, angemwokoa. Dawa imemwagika sakafuni kwa sababu Joker hakuweza kujizuia, alimchoma kisu mtu aliyekuwa anamletea.

Halafu kinakuja kitendo ambacho katuni ya karatasi haiwezi kukupa. Arkham Knight inaanza na maiti ya Joker mbele ya tanuri. Hakuna anayeliwasha. Picha imetulia, inasubiri. Unaelewa pole pole kwamba inakusubiri wewe ubonyeze. Nilikaa na kidole juu ya kitufe. Nimebonyeza vitufe vingi sana dhidi ya yule mtu, ila hicho kilikuwa kizito.

Na bado hakuondoka. Damu yake iko mwilini mwa Batman, gesi ya Scarecrow inaiamsha, na unaporuka kutoka paa hadi paa unamkuta amekaa ukingoni, miguu inaning'inia, anatoa maoni. Mwisho wa mwisho tunaambiwa woga wake ni upi, na si kufa. Ni kusahauliwa. Mtu wa vipaza sauti, mtu wa helikopta za televisheni. Ilikuwa inasemwa tangu 2009.

*

Nimeisema Gotham sana, niiseme kidogo New York. Marvel's Spider-Man ya 2018, ya studio ya Insomniac, inamchukua Doctor Octopus, ambaye katika katuni za 1963 alikuja na kiburi chake tayari, ajali ikamwongezea mikono tu. Gemu inakuajiri kwake. Wewe, Peter Parker, yaani Spider-Man bila kinyago, ni msaidizi wa Otto Octavius kwenye maabara yenye madeni. Mnatengeneza viungo bandia vya watu waliokatwa mikono. Unaunganisha saketi, unapanga mistari ya mwanga, kazi ndogondogo ambazo wachezaji wengi walizilalamikia. Mimi nilizipenda kwa sababu Otto alikuwa anashukuru. Mwili wake unaanza kumsaliti kwa ugonjwa wa neva, anautafutia mikono mingine, na mimi ndiye niliyekuwa nampa vipuri. Tulipofika juu ya jengo kupigana, yeye kavaa mikono minne, nilikuwa napiga huku nakumbuka saketi.

Venom wa Ultimate Spider-Man ya 2005, jambazi ambaye humo unamchezea mwenyewe, nilimwelewa kwa tumbo. Afya yake ikishuka, anayekurudishia ni mpita njia: unamkamata, unamfyonza, unapona. Mara ya kwanza unasita. Baada ya nusu saa huwaoni tena kama watu, unaona chakula kinatembea. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

*

Binamu sasa ana watoto wawili na mashine mpya wasiyoruhusiwa kuigusa. Wiki kadhaa zilizopita nilimpelekea Batman ya studio ya Telltale, msimu wa pili, wa 2017 na 2018, ambayo haina ngumi nyingi; unachagua maneno. Humo Joker bado hajawa Joker. Anaitwa John Doe, ametoka Arkham, anamwona Bruce Wayne, yaani Batman bila kinyago, kama rafiki yake wa kwanza duniani, na amempenda Harley Quinn, ambaye kwa kawaida ndiye mpambe wa Joker lakini safari hii ndiye bosi, yeye John anamfuata nyuma kama mkia. John anakutazama wewe ajue watu wanaishije. Unavyomtendea ndivyo anavyokuwa, na mwishoni hugawanyika: ama jambazi tunayemjua, ama mtu anayejaribu, vibaya sana, kupigana na uhalifu kama Batman.

Wangu aligeuka jambazi. Sikumfanyia lolote kubwa. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na siri za Batman za kulinda, nikawa namjibu vizuri usoni na kufanya mengine kisogoni.

Binamu alicheza siku nne, usiku, watoto wakilala. Alinipigia simu ya video ili nione mwisho wake: John amejitengenezea vifaa vya kijani na zambarau mfano wa vile vya Batman, anajitambulisha kwa fahari, anataka kusaidia. Sikuwa nimewahi kumwona huyo. Binamu, mtu wa Bane, alikuwa amekaa kimya, pedi mapajani.

"Wako alikuwaje?" akaniuliza.

Nikamwambia.

"Kwani ulimfanya nini, dogo?"

"Uongo kidogo tu, kaka. Wa kawaida."

Akanitazama kwenye kamera kama alivyonitazama usiku ule mlangoni, ila safari hii hakucheka. Kisha akaniuliza kama nilisevu pale mwanzo.